Ripoti ya Duka la Viatu

Watu wa mtaa ule walimwita Mama Saizi, na jina lilimkaa. Alikuwa ameuza viatu miaka kumi na minne katika duka moja, na mteja akiingia mlangoni tu, kabla hajafungua mdomo, yeye alishajua miguu yake inavaa namba ngapi. Mara chache alikosea, na akikosea alisema kosa ni la kiwanda.

Aliishi na mama yake mzazi na mdogo wake wa kike wa mwisho, ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa sababu ndiye aliyefunga tumbo la mama yao. Kitinda alikuwa na binti wa miaka minane, na hakuwa na kazi tangu ofisi ya uchapaji aliyoitegemea ilipofungwa. Miezi saba alishinda na simu mkononi akisaka matangazo ya kazi, na mengi yalikuwa ya uongo. Siku moja akaona kampuni inayotafuta watu wa kwenda madukani kama wateja wa kawaida, wanunue kitu, waangalie wanavyohudumiwa, kisha waandike ripoti. Wenye maduka ndio waliolipia ripoti hizo, wapate kujua wafanyakazi wao wanafanya nini bosi akigeuza mgongo. Kazi yenyewe iliitwa mteja wa siri.

"Wanataka nitume ada ya usajili kwanza," Kitinda alisema.

"Basi hao ni matapeli," Mama Saizi akamjibu. "Mwenye kazi hakutozi hela ndipo akupe kazi. Tafuta wengine."

Wakatafuta wengine, wakawapata. Hao hawakudai ada. Walitaka fomu ijazwe, na pamoja na fomu wakataka maelezo ya duka lolote aliloingia karibuni, ili waone kama anajua kuandika. Mama Saizi aliketi naye mezani jioni nzima.

"Usiandike kwamba alikuwa na dharau," alimwambia. "Dharau haina picha. Andika alichofanya. Hakuinua macho. Aliendelea kuongea na simu. Ulisimama dakika nne mbele yake. Anayesoma ataiona dharau mwenyewe."

Maelezo yakapita, na wiki hiyo hiyo Kitinda akatumwa kununua dawa ya meno katika duka la dawa. Alirudi amelowa jasho kama aliyeiba. Alikuwa amesahau jina la mhudumu, amesahau saa aliyoingia, na risiti aliikunja mfukoni mpaka maandishi yakafutika. Ripoti ikakataliwa, na ripoti ikikataliwa hupati kitu, hata hela uliyonunulia dawa hairudi.

Tangu hapo dada mtu akawa mwalimu. Alimfundisha kutazama saa kabla ya kusukuma mlango na kusoma jina kifuani kwa mhudumu huku akijifanya anatazama bidhaa nyuma yake. Asiulize maswali mengi, kwa kuwa mteja wa kweli ana haraka. Asiandike kitu ndani ya duka. Atoke, atafute choo au benchi, aandike kabla kichwa hakijapoa. Risiti aipige picha palepale. Alimfundisha na upande wa pili pia, siri ambazo wauzaji hawazisemi: jinsi wanavyojifanya wanapanga masanduku ili wasimwone mteja msumbufu, jinsi wanavyosema namba fulani imekwisha kwa uvivu wa kupanda ngazi ya ghala.

"Wewe ungewafaa kuliko mimi," Kitinda alimwambia, akicheka.

"Mimi uso wangu unajulikana kama noti," Mama Saizi akasema.

Kazi ikakubali. Kitinda alianza na zile ndogo ambazo wenzake walizidharau, akapeleka ripoti siku ileile bila kungoja kesho, na alama zake zikapanda. Alama zikipanda, unafunguliwa kazi kubwa zaidi: benki, hoteli, maduka ya magari. Akajifunza kupanga maduka matano ya njia moja kwa siku moja, asimalize faida kwa nauli. Anayemaliza njia nzima alipata nyongeza. Nyumbani wakaanza kuona tofauti. Mama yao akanunuliwa miwani, na Kitinda akaacha kuomba hela ya vocha.

Jioni, wakishakula, Mama Saizi alinyoosha miguu juu ya kigoda na mdogo wake akamkanda nyayo kwa mafuta. Hapo ndipo alipotoa ya moyoni. Alimweleza kwamba siku hizi miguu inavimba, na mchana huingia ghalani, akavua viatu na kukaa dakika kumi kwenye ngazi. Alimsimulia habari ya mzee mmoja aliyekuja asubuhi duka likiwa tupu, akaomba afungiwe kamba za viatu vipya kwa kuwa mgongo ulikuwa haukunjiki.

"Nikamwambia, viatu hivi vinajifunga vyenyewe baba, wewe vipe moyo tu. Alicheka mpaka akakohoa. Nikapiga magoti nikamfunga."

Kitinda naye alicheka.

Alhamisi moja Mama Saizi alimnunulia mtoto wa Kitinda viatu vya shule, vyeusi, namba thelathini na tatu. Alilipa kwa simu yake mwenyewe jioni kabla ya duka kufungwa, akavipeleka nyumbani vikiwa ndani ya sanduku lake, na risiti humo ndani.

Wakati huo kampuni yenye duka la viatu ilikuwa inafungua tawi la tano, na meneja alikwisha kumnong'oneza Mama Saizi kwamba mkuu wa duka hilo atakuwa yeye. Hakumwambia mtu isipokuwa mama yake na Kitinda. Kitinda alimkumbatia, akasema sasa watamwita Bosi Saizi.

Jumatatu ya pili yake, kabla ya duka kufunguliwa, meneja aliwaita wafanyakazi wote wasimame karibu na kaunta. Alishika karatasi. Alisema mwezi ule kila tawi lilitembelewa na mteja wa siri, na ripoti ya tawi lao imemwaibisha. Akaanza kusoma.

"Mhudumu mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alikuwa amekaa kwenye ngazi miguu mitupu, viatu kavivua. Hakuinuka nilipoingia."

Hakuna aliyemtazama Mama Saizi. Hawakuwa na haja, kwa sababu mwenye miwani ya kamba alikuwa mmoja tu.

"Mteja mzee mwenye maumivu ya mgongo," meneja akaendelea, "alipomwomba amfungie kamba za viatu, mhudumu alimjibu kwa kejeli: viatu hivi vinajifunga vyenyewe baba, wewe vipe moyo tu."

Mama Saizi akahesabu waliokuwapo. Asubuhi ile ya mzee, duka lilikuwa tupu. Keshia alikuwa hajafika. Maneno yale waliyasikia watu wawili tu, yeye na mzee, na baada ya hapo aliyasema mahali pamoja, miguu yake ikiwa mikononi mwa mdogo wake. Na hakuna popote palipoandikwa kwamba alipiga magoti.

Meneja alimpa nakala aitie sahihi kwamba ameisoma. Chini yake palikuwa na picha ya risiti ya mteja wa siri: viatu vya shule vya msichana, vyeusi, thelathini na tatu. Malipo kwa simu. Alikwenda ghalani, akafungua ujumbe wa malipo kwenye simu yake, akalinganisha namba ya malipo, tarakimu moja baada ya nyingine. Zilikuwa zilezile.

Angeweza kurudi palepale na kumwonyesha meneja. Lakini kumtaja ndugu yako wa tumbo moja mbele ya bosi si sawa na kurudisha kiatu kinachobana. Alitia sahihi. Keshia, mama mtu mzima, alipomwona bado ameshika kalamu alimuuliza kulikoni, naye akamwambia kwamba anamjua aliyeandika, ni ndugu yake. Keshia akahesabu sarafu zake kwanza, kisha akasema, "Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Mimi hapo sitii neno."

Alipofika nyumbani, Mama Saizi alimkuta Kitinda uani akianika nguo. Hakumsalimu. Alimkunjulia karatasi mbele ya uso. Kitinda aliisoma mistari miwili, akashusha kibanio cha nguo alichokuwa nacho mdomoni.

"Sikuandika jina lako," alisema.

"Uliandika miwani yangu."

"Dada, nisikilize. Duka lenu lilikuwa la tano kwenye njia. Nisingemaliza njia, nyongeza ingepotea na alama zingeshuka. Na kuingia nisingeweza, pale wote wananijua."

"Fomu yenu si inauliza kama una jamaa yako anayefanya kazi pale?"

"Inauliza."

"Ukajibu nini?"

Kitinda alitazama nguo. "Nikajibu hapana."

"Basi hata kama umeamua kutunga," Mama Saizi alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, "si ungetunga mazuri? Unanijua mimi. Ungenisifia ungepungukiwa nini?"

"Ripoti ikiwa ya sifa tupu wanairudisha. Wanasema hukuangalia vizuri. Yenye makosa ndiyo wanayoiamini." Kisha akaongeza, kana kwamba hilo lingesaidia, "Nilijua watakuonya tu. Wewe ni mkongwe pale, nani angekugusa?"

Mama yao alikuwa amesimama mlangoni na miwani yake mipya. Alisikia yote. Alisema wale ni watoto wa ziwa moja, waingie ndani, mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani. Walipoketi, aliamua kesi kama alivyoamua walipokuwa wadogo: Kitinda aombe radhi na kuwaandikia wakala, wale wanaomtuma madukani, kesho asubuhi waifute ripoti, na mkubwa asamehe. Kitinda akaomba radhi. Alilia hasa, machozi ya kweli, akaapa kwamba kesho saa mbili atakuwa ameandika.

"Nakuachia," Mama Saizi alisema. "Sitasema kazini mpaka uandike."

Jumanne ikapita. Jumatano alimuuliza, akajibiwa kwamba ameandika, anangoja majibu. Alhamisi akajibiwa hivyohivyo. Ijumaa mchana meneja aliwatambulisha kwa mwanamume mmoja kutoka tawi la pili, mpole, mwenye miaka minne kazini, kwamba ndiye mkuu wa tawi jipya. Mama Saizi alipiga makofi pamoja na wengine. Yule mwanamume alimjia baadaye, akamwomba amfundishe kupanga ghala, na akamfundisha.

Alipofika nyumbani jioni, mama yao alikuwa na habari njema. Kitinda amepandishwa. Wakala wamemfanya mhakiki: hatatembea tena kwa miguu, atakaa nyumbani akisoma ripoti za wengine na kupitisha zilizo nzuri, kwa malipo ya kila mwezi. Barua yenyewe ilikuwa imefika tangu Jumanne.

Mama Saizi alimgeukia mdogo wake. "Kwa hiyo hukuandika."

"Ningeandika ningeikosa nafasi hii," Kitinda alisema. "Ningesema nini? Kwamba nimedanganya, halafu waniamini nihakiki wenzangu? Dada, wewe una kazi. Umekosa cheo tu. Mimi ningekosa yote."

"Na hizi siku zote nikikuuliza?"

"Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

Ripoti ilimuuma Mama Saizi kama mtu aliyekanyagwa na asiyemwona. Lakini hili la siku nne za kutazamwa usoni na kuambiwa nangoja majibu, hili lilikuwa la mtu anayekuona vizuri. Hakugombana. Aliingia chumbani, akajifungia, na mama yao alipogonga akimwita kwenye chakula, alisema ameshiba.

Jumamosi asubuhi alimkuta meneja akifungua milango. Alimwonyesha picha ya risiti, kisha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, kisha akamwambia aliyeiandika ripoti ni nani kwake. Alieleza na habari ya mzee, yote, mpaka magoti. Na habari ya ngazi na miguu mitupu hakuikana. "Hiyo ni kweli," alisema, "ila ni ghalani, si mbele ya wateja."

Meneja alilinganisha namba mara mbili. "Kwa nini hukusema Jumatatu?"

"Niliahidiwa itafutwa."

"Mama Saizi," meneja alisema, "yule kijana nimeshampa barua. Siwezi kumnyang'anya kwa kosa lisilo lake."

"Sijaja kwa ajili hiyo."

Wiki iliyofuata wakala walileta barua ya kuomba radhi, ripoti ikaondolewa kwenye faili lake, na ghalani kikawekwa kiti cha kweli. Kitinda alifutwa kazi kabla hajahakiki hata ripoti moja. Siku aliyopata ujumbe huo alikuja kusimama mlangoni mwa chumba cha dada yake.

"Umeniuza," alisema.

Mama yao kwa siku kadhaa alimsemesha Mama Saizi kwa kupitia mtoto: mwambie mama mkubwa maji yamechemka. Kwa mama yule, mdogo alikosa ila mkubwa alikata mkono wa ndugu yake, na hakuna hoja iliyomtoa hapo. Mwisho wa mwezi Kitinda alihama na binti yake wakapanga chumba mtaa wa mbali, na jioni nyumbani zikawa za watu wawili na redio.

Ilipita miezi mitatu kabla Kitinda hajapiga simu. Alikuwa amepata kazi katika duka la mapazia, na alipiga mchana, sauti ya haraka ya mtu aliyejificha.

"Dada, kuna mteja amekatiwa kitambaa, sasa anasema kifupi, na kipimo alitoa yeye mwenyewe. Nafanyaje?"

"Usibishane naye juu ya kipimo," Mama Saizi alimwambia. "Muulize dirisha lina urefu gani, mpe mshonaji aongeze pindo la rangi nyingine. Mwonyeshe kwanza kabla hujasema bei."

"Asante." Kitinda hakukata simu. Pumzi yake ilisikika. "Na wewe dada, kazini kunaendaje? Miguu?"

Duka lilikuwa tupu mchana ule. Keshia alikuwa anasinzia, na jua lilikuwa limefika nusu ya sakafu. Mama Saizi alikuwa na mengi ya kusema. Asubuhi ileile kulitokea kituko cha bibi harusi na kiatu cha kushoto ambacho kingemchekesha Kitinda mpaka alie.

"Kunaendelea," alisema. "Ngoja, wateja wameingia."

Akaiweka simu kaunta, kifudifudi, akaanza kupanga masanduku ambayo tayari yalikuwa yamepangwa.