Godoro Linalovuta Pumzi

Binti yetu Favour anawapikia watalii kambini huko Arusha, na ndiye aliyetutumia magodoro matatu kwa basi, yamefungwa pamoja kwa kamba, ili baba yake achague moja na mengine yarudi. Ni magodoro ya kulalia kwenye hema. Niliyapokea stendi nikayabeba hadi kwetu Igogo, mlimani juu ya ziwa, nikiwa nimenuna, maana safari yenyewe sikuitaka.

Safari ilikuwa ya Pius, mume wangu. Tangu atoke hospitali na moyo wake uliopanuka, mambo yote ya dunia yalikuwa yamemtoka akilini isipokuwa ufukwe mmoja wa kwao Ukerewe, mbele kidogo ya Nansio, alikokuwa akilala na ndugu zake utotoni wakisubiri mitumbwi ya dagaa irudi alfajiri. Alisema taa za wavuvi zinajaa ziwani mpaka mtoto anadhani mbingu imeshuka kunywa maji. Alitaka kulala pale tena, usiku mmoja tu, chini, kwenye mchanga. Daktari hakukataa. Alisema tu kichwa na kifua viinuke, na dawa zisisahaulike. Mwenye kukataa nilikuwa mimi.

Na nilikuwa na sababu. Kwetu, na kwa watu wote ninaowajua, godoro likishuka sakafuni kuna mtu amekufa. Nililala chini kwa baba yangu, nikalala chini kwa mama yangu, nikalala chini kwa dada yangu Roza. Mbavu zangu zinajua sakafu za nyumba nyingi. Sasa mtu mzima, mgonjwa, mwenye kitanda cha mninga, anataka kushuka chini kwa hiari yake? Nikamwambia wazi: "Baba Favour, ukienda utakwenda na mdogo wako Yakobo. Mimi chini silali tena mpaka nilazimike."

"Sawa," alisema. Hakuwa na pumzi ya kubishana, na hilo liliniuma kuliko kama angebisha.

Basi Jumamosi mchana, mvua ikiwa imekatika na mawe ya mlimani yakitoa mvuke, tukaanza kuchagua. Sebule yetu ni ndogo. Nikatoa makochi na viti, nikavipanga uani, nikafagia, nikajifunga kanga vizuri, nikatandika. Moyoni nilikuwa nimeshapanga kuyakataa yote matatu.

La kwanza, la bluu, lilikuwa sponji jembamba la kukunja. "Hili la mbwa," nilisema. La pili, la rangi ya chungwa, unalipuliza kwa mdomo. Nikamuuliza pumzi ya kupuliza ataitoa wapi. Nikalipuliza mimi mpaka nikaona nyota, na alipolala juu yake likalia kama viatu vipya kanisani. Pius akacheka, akakohoa, nikamwinua haraka.

La tatu lilikuwa la kijani, limeviringishwa, bapa kabisa. Favour alikuwa ameeleza kwenye simu: lifungueni kizibo, mliache. Nikalifungua. Likaanza kuvuta hewa lenyewe, polepole, likijinyoosha na kunenepa bila kusaidiwa na mtu. Tukakaa tukilitazama wote wawili, kama tulivyokuwa tukimtazama Favour akiwa mchanga amelala.

"Linavuta pumzi, Mama Favour," alisema. "Tena halihangaiki."

Nikatafuta kasoro. "Halina mwinuko. Kichwa chako kitainuliwa na nini huko?"

"Mchanga." Akapapasa hewani kwa viganja, kana kwamba mchanga upo. "Unaukusanya, unaupigapiga, unalaza godoro juu yake. Marehemu mama alikuwa anatujengea hivyo tukiwa na mafua."

Mchanga sikuwa nao. Nikaburuta kiroba cha mpunga tulicholetewa kutoka Magu, nikakilaza, godoro likapanda juu yake, naye akajinyoosha. Upepo wa ziwa ukaingia, pazia likawa linakwenda na kurudi. Akaniambia kwamba ukiwa pale chini, mlangoni huoni mtaa wala mabati, unaona ziwa tu, limekaa katikati ya mawe mawili. Miaka yote tumeishi humo sikuwahi kulijua hilo. Akaendelea kusema taratibu, maneno yakizidi kuachana: mtumbwi wa babu yake, harufu ya dagaa wabichi, maji yanayokuja mpaka miguuni na kuondoka. Halafu akanyamaza. Nikaenda jikoni, nyuma ya nyumba, kuangalia uji.

Sasa mtu anayepita nje aone nini? Mama Dorcas, jirani yetu wa chini, alikuwa anapanda na ndoo ya maji kichwani. Aliona makochi uani. Aliona mlango wazi na godoro sakafuni. Aliniona mimi nikizunguka nyumba kwenda jikoni, nimejifunga kanga, nimeinamisha kichwa. Na mtaa mzima ulijua jinsi Pius alivyorudi kutoka hospitali ameshikiliwa huku na huku. Hakuuliza. Nani huuliza? Aliitupa ndoo, akaweka mikono kichwani, na sauti ile ikasikika Igogo nzima.

"Uuuwi! Pius jamani! Pius wetu!"

Kule jikoni nilisikia kilio tu, si jina, nikakoroga uji kwanza usiungue; nilipotoka na mwiko mkononi, wanawake walikuwa wameshafika. Mmoja alikuwa na mkaa, mwingine sufuria kubwa ya jumuiya, na wawili walikuwa wameinamia ungo wa mchele. Mzee Revocatus, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuwa ameshaleta turubai na kufunga kamba ya kwanza kwenye mpapai wangu. Mama Dorcas akanikumbatia, amelowa maji na machozi.

"Pole mwenzangu, pole. Leo tunalala chini hapa na wewe. Hatukuachi."

Maneno nilikuwa nayo mdomoni: jamani, hajafa, tunachagua godoro. Hayakutoka. Ndani kulikuwa kimya, na kelele zile zingemwamsha mtu yeyote, naye hakuwa ameamka. Nikawaza, wao wamejua kabla yangu. Mwiko ukaanguka.

Nikaingia. Alikuwa amelala vilevile, mdomo wazi kidogo, mkono mmoja umetoka nje ya godoro, vidole vinagusa sakafu. Nikapiga magoti, nikaweka sikio kifuani pake, nisisikie kitu zaidi ya damu yangu mwenyewe ikinidunda masikioni. Nikalala palepale kando yake, kwenye saruji tupu, shavu langu juu ya mkono wake. "Pius," nilisema, "tutakwenda wote. Usiende peke yako."

Mkono ukasogea.

"Wamerudi?" aliuliza, macho bado amefumba.

"Akina nani?"

"Wavuvi. Nasikia akina mama wanawapokea."

Nililia kwa furaha na kwa hasira, vyote kwa pamoja. Alikuwa amelala! Mtu ambaye tangu hospitali anasinzia amekaa kwenye kochi, akishtuka kila mara kutafuta hewa, alikuwa amelala usingizi mzito katikati ya msiba wake mwenyewe.

Alipotokeza mlangoni ameshika fremu, Mama Dorcas alikimbia na ndala moja. Mzee Revocatus alibaki na kamba mkononi.

"Shikamoo, balozi," Pius alisema.

Mzee hakuitikia marahaba mpaka alipomgusa bega. Hapo watu wakaanza kucheka kile kicheko kinachochanganyika na machozi, na kwa kuwa sufuria ilikuwa imefika na mchele umeshachaguliwa, tukapika. Tukala chini ya turubai. Pius akataka asimuliwe yote waliyomlilia, na palipozidi sifa akawasahihisha.

Jioni, jua likishuka ziwani, Favour akapiga simu.

"Mmechagua lipi, mama?"

"La kijani, la baba yako. La chungwa linarudi."

"Na la bluu?"

"La bluu ni langu."

Ananijua. "Si ulisema wewe chini hulali tena?"

Nikamwangalia Pius. Alikuwa amerudi kwenye godoro lake, juu ya mpunga wa Magu, akitazama maji yanavyobadilika rangi kati ya yale mawe mawili.

"Nimelala chini kwa babu yako, mwanangu, na kwa bibi yako, na kwa mama yako mkubwa," nilisema. "Wote hawakujua kama nipo. Huyu atajua."