Maneno ya Kimeli wa Boito

Wilkista aliwajua watu kwa sauti. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameshika swichibodi ya simu ya kiwanda cha chai upande wa Mogogosiek, na mtu akisema neno moja tu, alijua ni nani na ameamka vipi. Christabel wa ofisi ya Sotik alikuwa rafiki yake wa kufa kuzikana, ingawa hawakuwa wameonana zaidi ya mara tatu.

Mtu mmoja tu alimshinda: Kimeli, karani wa ofisi ndogo ya Boito.

"Boito, lori limetoka?"

"Eeh."

"Limetoka saa ngapi?"

Kimya. Pumzi. Halafu laini inakatwa. Baadaye dereva angeteremka na karatasi yenye majibu yote, kwa mwandiko uliolala vizuri kama majani kwenye kikapu. Wilkista aliamua zamani kwamba Kimeli ana maringo, na hakuificha fikira hiyo.

Mwaka wa 1999, kabla ya mvua za Agosti kutulia, kiwanda kilimleta Ombati, kijana wa kompyuta kutoka upande wa Kisii, aunganishe ofisi zote tatu kwa simu ya kupitia intaneti. Kila ofisi ilipata kompyuta yake; ile kuu, aliyoiita seva, ilikuwa sanduku la rangi ya maziwa, na kwa kuwa nyaya zote zilikuwa chumbani mwa Wilkista, likawekwa miguuni pake.

Wengine walimwonea huruma, wakisema sanduku hilo limekuja kumfukuza kazi. Yeye alichotaka ni kujua linafanya kazi vipi. Kila mara aligeuza kiti.

"Programu yenyewe mmenunua wapi?"

"Hatujanunua, mama. Ni ya bure. Walioitunga wameacha maandishi yake wazi, mtu yeyote afungue aone, na akiweza, aongeze yake."

"Na wewe umeongeza nini?"

"Bado," alisema Ombati akicheka. "Mimi bado nasoma."

Simu ziliita, lakini sauti zilifika vipande vipande. Christabel alipiga kutoka Sotik na Wilkista akasikia "ma... ni... kesho," kama mtu anayezungumza huku anazamishwa kwenye ndoo. Ombati alifanya kila alichojua kwa siku mbili, kisha akakubali kwamba laini ilikuwa nyembamba mno kwa sauti. Maandishi lakini ni mepesi. Labda yangepita. Angeifundisha seva ile ile kupeleka ujumbe wa kuandikwa: unaandika hapa, mwenzako anasoma kule papo hapo, anajibu.

Akaandika "Habari Boito" na kubonyeza. Seva ikakataa. Akaandika tena. Ikakataa tena, kwa mstari mmoja wa Kiingereza ambao hata yeye hakuuelewa.

Wilkista alikuwa akila mkate wake huku akimtazama. "Sasa simu ikija, hiyo mashine inajuaje iipeleke wapi?"

"Nimeiandikia. Namba kumi na nne ni Boito, iite."

"Na barua?"

"Barua gani?"

"Hiyo Habari Boito. Umeiandikia pia iipeleke wapi?"

Ombati aligeukia skrini. Akafungua faili la maagizo, akalisoma kutoka juu hadi chini kwa kidole. Yote yalihusu simu. Ujumbe ulikuwa umefika mlangoni kama mgeni, na hakuna aliyeambiwa ampokee.

"Aki mama," alisema polepole.

"Na kama mwenyewe hayuko, usiutupe," Wilkista aliongeza. "Mimi mtu akikosekana naandika, nampa akirudi."

Ilimchukua Ombati hadi saa nane mchana. Aliongeza mistari michache ya kuelekeza ujumbe, na mingine ya kuuhifadhi hadi mwenyewe atakapofungua kompyuta yake. Kisha akampisha Wilkista kiti. Naye, akitafuta herufi moja moja, akaandika: *Boito mko?*

Walingoja. Mara skrini ikajaa.

*Chamgei, hujambo Wilkista. Tuko, lakini tumelowa. Mvua imeanza saa nne na lori limekwama kwenye kona chini ya kanisa, matairi ya nyuma yote mawili. Wakulima wamejibana na vikapu vyao bandani, na mama Jerusa amewaanzishia wimbo wa dini ili wasigombane. Anaimba vibaya sana lakini hakuna wa kumwambia. Tuma trekta. Na goti lako linaendeleaje? Nilisikia ukimwambia Christabel linakusumbua, siku laini zetu zilipoingiliana.*

Wilkista alisoma mara mbili. "Huyu ni nani?"

"Si ni Kimeli?"

"Kimeli gani? Kimeli haongei!"

Aliagiza trekta kwanza. Kisha, kwa kuwa hakuweza kuvumilia, akachukua mkono wa simu ya zamani na kupiga Boito.

"Kimeli, ni wewe umeandika hayo?"

Kimya. Pumzi. "N-n-n-n..." Laini ikakatika.

Alikuwa bado ameshika simu sikioni wakati skrini ilipoandika: *Ni mimi. Neno likianza na n hunikwama. Na k pia, kwa hivyo hata jina langu. Kwa simu ni mbaya zaidi, maana mtu hanioni.*

Wilkista, aliyejivunia kumjua kila mtu kwa sauti, alihisi uso ukimchoma. Ombati akajifanya anahesabu nyaya. Ilimchukua Wilkista muda mrefu kuandika: *Nisamehe. Nilikuwa nasema una maringo.*

*Najua,* likaja jibu. *Siku moja ulisema kabla hujaweka simu chini.*

Kisha, kabla hajajua aandike nini: *Lakini hilo goti, jaribu kulikanda na maji ya chumvi.*

Tangu siku hiyo Boito ilikuwa ya kwanza kutoa habari kila asubuhi. Wilkista alijua daraja lipi limevunjika, nani amejifungua, na ng'ombe wa nani ameingia kwenye chai. Ofisi ya Sotik nayo ilipounganishwa kwa ujumbe, Christabel alilalamika kwamba hawa wawili hawampi nafasi.

Mwishoni mwa Septemba, Kimeli aliteremka kiwandani mwenyewe. Alikuwa mrefu, mwenye koti la mvua na viatu vilivyofutwa mlangoni. Alimpa Wilkista mkono, kisha akachuchumaa kulitazama sanduku lililokuwa likivuma chini ya meza. Alitaka kuuliza kitu. Shingo ilikakamaa, macho yakajifumba, neno likagonga na kurudi. Ombati alifungua mdomo amsaidie. Wilkista akamkanyaga mguu.

"I-inaju... inajuaje k-k-kama nipo?"

Ombati akachuchumaa pia. "Kompyuta yako inaiambia. Kila baada ya muda inasema, niko hapa. Ikinyamaza, hii inajua umetoka, inakuwekea ujumbe wako."

Kimeli aliitikia kwa kichwa, akafikiri, akaanza swali lingine. Lilikuwa refu kuliko la kwanza. Wilkista alivuta kiti karibu na kuwamiminia chai, maana yeye pia alitaka kusikia jibu.