Kidevu cha Dina

Wapo wanaoficha hela, wapo wanaoficha watoto waliowazaa nje. Dina wa Festo alificha kidevu. Alikificha miaka tisa kati ya kumi na mitatu ya ndoa, tena pale Misigiri, kijiji ambacho ukipiga chafya asubuhi, jioni unaulizwa mafua yamefikia wapi. Kila alfajiri aliwahi kuamka kabla ya watu wote, akaingia kwenye bafu la mabati uani na maji ya uvuguvugu, akatoa wembe aliouficha ndani ya kopo la magadi, akanyoa ndevu. Ndiyo, ndevu. Acha mimi nilitamke neno lenyewe, maana mwenyewe hakuthubutu kulitamka hata moyoni. Aliziita "vile vitu".

Vile vitu vilianza viwili vitatu baada ya kumzaa Faith, mtoto wake wa pili. Akaving'oa, vikarudi na wenzao. Kila alipojitazama kwenye kioo cha mkononi aliona msitu. Festo mumewe, mwendesha mashine ya kukamua alizeti, alikuwa mtu mpole wa kupitiliza, na mara nyingi alipenda kumgusa mkewe shavuni. Dina aliudaka ule mkono ukiwa bado njiani na kuupeleka kwingine. Festo aliamini mkewe ana aibu, na alimpenda hivyo hivyo.

Sasa, pale kanisani kwao palikuwa na mwanamke mwingine mwenye ndevu, na huyo hakuficha kitu. Aliitwa Febronia, mama Urbano, mjane wa miaka sitini na kitu, mzee wa kanisa. Zake zilikuwa ndevu za kweli, zenye mvi, zimejikunja chini ya kidevu, na hakuzinyoa. "Mungu hakuniuliza alipoziweka," alisema, "na mimi simuulizi." Miaka minne iliyopita, akina mama wakiwa wamekaa wanapiga alizeti kwa fimbo, Yasinta, jirani yake Dina, alimkazia macho Dina kidevuni, akauliza, "Hapo umejikata na nini?" Wakati huo huo Febronia akatokea na ungo wake. Dina akasema haraka, kwa sauti ya juu, "Haya jamani, amkieni, Babu kafika!"

Walicheka mpaka wakaacha kazi. Yasinta akasahau kidevu cha Dina. Jina likashika, likatoka kwa akina mama likaingia kwa watoto, na tangu siku hiyo Febronia akawa Babu kijiji kizima. Wahenga hawakukosea waliposema mwizi ndiye wa kwanza kupiga kelele za mwizi. Dina alijua alichofanya, na alikuwa akiona haya kila alipomwamkia yule mama, lakini haya yake hayakumzuia kucheka jina likitajwa. Angeachaje kucheka kichekesho chake mwenyewe?

Wembe nao una siku zake. Kufikia mwaka huu ngozi ya kidevu ilikuwa imeota vipele na madoa meusi, na poda haikusaidia tena. Mchana mmoja, akimsubiri Festo mashineni, alisikia redioni daktari wa ngozi akieleza habari za leza, mwanga unaopunguza nywele usoni kwa muda mrefu. Dina alisimama pale kama aliyeitwa jina lake. Akatafuta namba ya kliniki moja ya Dodoma, akapiga akiwa chooni, akapewa siku. Kwa Festo alisema anakwenda kutibiwa jino. Aliuona uongo wa jino kuwa mzuri, kwa sababu unamruhusu mtu kujifunga mtandio mpaka kidevuni na asiulizwe.

Ila usiku wa kuamkia safari akawaza: nitamvulia mtandio mtu nisiyemjua, aone vile vitu? Nani anakaribisha mgeni nyumba haijafagiliwa? Akawasha taa, akashika kibanio cha kung'olea nyusi, akaving'oa kimoja kimoja mpaka machozi yakamtoka. Asubuhi akajipaka mafuta ya alizeti usoni, akapanda basi, kidevu kinawaka moto lakini kisafi kama cha mtoto.

Daktari alikuwa msichana mwembamba, Dokta Peniel, mwenye sauti ya chini. Alimuuliza kama siku zake za mwezi zinakwenda sawa, kama anatumia dawa yoyote, kama anajipaka mkorogo. Kisha akawasha taa kali, akamshika kidevu, akakigeuza huku na huku.

"Mama, umezing'oa?"

"Jana, dokta." Dina alitazama sakafu. "Nilitaka nije msafi."

Dokta Peniel hakucheka, na Dina aliona afadhali angecheka. Akavuta kiti, akaeleza taratibu. Mwanga wa leza hufuata weusi. Ukipigwa kwenye ngozi unapita, unaushika weusi ulio ndani ya unywele, unageuka kuwa joto, na joto hilo linashuka mpaka shinani na kuliunguza lisiote tena upesi. "Ndiyo maana mvi hatuziwezi, hazina weusi. Na wewe umeng'oa unywele na mzizi wake. Mwanga nitauelekeza wapi?"

"Kwa hiyo nimekuja bure."

"Hujaja bure. Chini ya taya hapa umesahau tatu nne. Nitakujaribishia hapo, tuone ngozi yako inapokeaje. Ngozi nyeusi ina weusi wake pia, kwa hiyo tunatumia leza inayoifaa, na tunaanza polepole. Ukienda kwa asiyejua, atakuunguza shavu."

Akamfuta yale mafuta ya alizeti, akanyoa vile vichache, akamvalisha miwani myeusi, akampaka jeli ya baridi. Dina akasikia mlio mfupi, kisha kitu kikampiga chini ya taya kama rababendi iliyovutwa na kuachiwa. Akaruka. Mara ya pili, mara ya tatu, kisha ikanuka harufu ya unywele ulioungua, harufu ya kichwa cha mbuzi kinapobabuliwa. Ikawa imekwisha. Pakabaki pekundu kidogo na joto kama la pilipili, likapoa kabla hajafika stendi.

Maagizo aliyopewa aliyashika kwa kichwa, maana karatasi ingeonekana nyumbani. Arudi baada ya wiki sita. Asing'oe tena hata mmoja, wembe tu. Ajikinge na jua, apake mafuta ya kuzuia jua. Tiba yenyewe ni mara sita hadi nane, kwa kupishana wiki kadhaa, kwa sababu nywele hazioti zote kwa pamoja, nyingine zimelala na mwanga hauzipati mpaka ziamke. Kila baada ya kupigwa, ataona kama zinaota, asishtuke, zinasukumwa nje na zitadondoka zenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Hazitakwisha zote, na za kidevuni huletwa na homoni, huenda akahitaji kurudi mara moja moja.

"Na siku mbili za mwisho usinyoe kabisa," Dokta Peniel alisema. "Nataka nizione zinapoishia, nichore mpaka. Halafu nitanyoa mwenyewe."

"Siku mbili?" Dina aliuliza. "Mbele za watu?"

"Ni siku mbili tu, mama."

Nyumbani Festo alimpokea barabarani. "Wameling'oa?"

"Wamesema nirudi baada ya wiki sita."

"Wiki sita na jino linauma! Huyo ni dokta au adui?" Festo alikasirika kweli, mtu ambaye hata ng'ombe hamfokei. Tangu hapo akawa anamkorogea yeye mwenyewe uji, anamkataza nyama, anamkataza mahindi ya kuchoma. Dina alikunywa uji wiki sita huku harufu ya mahindi ya jirani ikimtesa, na kila Festo alipomuuliza "leo vipi?" aliona haya mpaka masikio yakapata moto. Uongo wenyewe alikuwa ameutegemea umlinde, na sasa ulimlisha uji.

Siku ya kurudi Dodoma ilikuwa Jumatatu. Ijumaa alfajiri alinyoa kwa mara ya mwisho. Jumamosi akashinda ndani. Jumapili akafunga mtandio mpaka chini ya pua, akaenda kanisani kwa kuwa yeye ni katibu wa akina mama na asingekosa bila kutafutwa. Alikaa kiti cha nyuma. Hakujua kwamba Festo, kwa huruma zake, alikuwa amepeleka jina lake kwa mwinjilisti.

"Tunaye dada yetu Dina," alisema Mwinjilisti Ezekieli baada ya matangazo. "Jino linamtesa mwezi wa pili huu, na kesho anasafiri. Wagonjwa wote wapite mbele."

Usharika ule una desturi yake. Wagonjwa huwekewa mikono pale hasa panapouma, wanaume kwa mwinjilisti, wanawake kwa mzee wa kanisa wa kike. Na mzee wa kanisa wa kike alikuwa mmoja, Febronia. Dina alipita mbele akapiga magoti, kwa kuwa kukataa kungeulizwa. Festo, kiti cha tatu, alikuwa amefumba macho tayari.

"Shikamoo, mama," Dina alinong'ona.

"Marahaba, mwanangu. Ni upande gani?"

Hakungoja jibu. Ule mkono mkubwa wa jembe ukapita chini ya mtandio, ukalala kidevuni. Ukasimama. Kidole gumba kikarudi nyuma kidogo, kikapita tena palepale, juu ya vile vichipukizi vya siku mbili. Dina alifumbua macho akakutana na macho ya Febronia, na akajua kwamba amejulikana.

Neno moja lingetosha. Hata cheko dogo tu lingetosha, maana kanisa zima lilikuwa likiwatazama. Na nani angemlaumu? Dina alitamani sakafu ya saruji ipasuke immeze, na alihisi angestahili.

Febronia aliuvuta mtandio juu, akaukaza vizuri, akaufunga fundo kisogoni. Ndipo akaomba kwa sauti. "Bwana, mwangalie binti yako huyu. Wewe unajua panapouma. Mpe nafuu ya jino lake, na safari yake ya kesho uifanikishe. Amina." Watu wakaitika amina. Festo aliitika kuliko wote.

Nje, baada ya wimbo wa kutokea, akina mama walimzunguka Dina kumpa pole. Yasinta akamsogelea, akamkonyeza.

"Leo Babu kaomba mpaka jino limekimbia lenyewe!"

Wakaanza kucheka, na wote wakamgeukia Dina, kwa sababu kichekesho kina mwenyewe na mwenyewe ndiye hukimalizia. Hatua tatu kutoka hapo Febronia alikuwa akishikana mikono na watu. Alisikia. Dina aliona kwamba amesikia, na akaona pia kwamba uso wake haukubadilika hata kidogo, uso wa mtu aliyesikia jambo hilo kila Jumapili kwa miaka minne.

Dina aliona haya. Nayo hayakuwa yale ya kidevu, ya kidevu aliyazoea. Haya ya leo yalikuwa ya lile jina. Akapeleka mikono kisogoni. Fundo la Febronia lilikuwa limekazwa, alihangaika nalo huku wenzake wakidhani jino limeanza tena. Lilipofunguka aliuvuta mtandio wote akaushika mkononi.

"Jino langu zima," alisema. "Halijawahi kuuma hata siku moja. Kesho naenda Dodoma kupigwa leza, wanichome ndevu. Na hilo jina la Babu nililitunga mimi, ili msinitazame mimi."

Hakuna aliyecheka. Yasinta alitazama kidevu, akatazama chini. Festo, aliyekuwa amekuja na pikipiki kumchukua mgonjwa wake, alisimama na funguo mkononi, mdomo wazi. "Mama Faith," alisema.

Febronia alikuja polepole. Watu wakampisha. Akamshika Dina kidevu kwa vidole viwili, akakiinua kwenye jua, akakikagua upande huu na upande huu, bila haraka, kama anavyokagua mbegu kabla ya kuzinunua.

"Hizo tu?" aliuliza.

Hakuwa akidhihaki. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Wajukuu zangu wananiita Babu. Yule mdogo hajui kama nina jina lingine. Kwa hizi tu, Dina?"

Dina alifungua mdomo. Meno yake yote yalikuwa mazima. "Kwa hizi tu, mama Urbano," alisema.