Kadi Iliyozidi Vidole Viwili

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Mawingu tangu alfajiri, na manyunyu ambayo hayakutaka kuwa mvua wala kukoma. Nilisali nikiwa nimekaa kitandani, kwa kuwa magoti yalikataa. Wiki nzima nilikuwa nimesimama mbele ya pasi kubwa ya hospitali nikinyoosha mashuka, na kila jioni nilikwenda darasani moja kwa moja, harufu ya sabuni ikiwa bado mikononi. Nilimwomba Mungu kitu kimoja tu, kwamba kompyuta iwake kabla ya saa kumi alasiri.

Saa kumi ndiyo saa ya mwanangu.

Mwanetu anafanya kazi mbali, kwenye ghala kubwa, anaendesha mashine ya kunyanyulia mizigo. Yeye na baba yake hawapigiani simu. Mume wangu ni fundi cherehani, baba yake naye alikuwa fundi cherehani, na alitaka mtoto akalie kiti kilekile cha dirishani. Mtoto akasema cherehani imekula macho ya baba, haitakula na ya kwake. Baba akajibu kwamba asiyetaka kiti chake asimsumbue kwa simu. Yalikuwa maneno ya hasira, lakini wote wawili ni watu wa kushika neno, na neno likashikwa. Mimi nikawa katikati, nampa huyu salamu za yule ambazo hakuzituma.

Kilichowarudisha ni gemu. Mwanangu aliacha kompyuta yake ya zamani chumbani, imefunikwa shuka. Nilipoanza kozi ya jioni ya ufundi wa kompyuta niliifunua ili nifanye mazoezi, na siku moja nikabonyeza alama ya lori nikidhani nafungua somo. Mume wangu akaja kusimama nyuma yangu, futi shingoni.

"Hilo lori linakwenda wapi?" akauliza.

Nikamwandikia mwanangu swali hilo kama lilivyo. Akajibu: "Mwambie akae, nitamwonyesha njia."

Tangu hapo, kila Jumamosi, wanaendesha malori kwenye barabara zisizokuwepo duniani, wao na rafiki zake wawili wa ghalani. Hawazungumzi mengine. "Kuna kona mbele, Mzee." "Nimeiona." "Punguza." "Nimepunguza." Mimi hukaa nyuma nikikunja nguo, na kwangu ile "nimeiona" ni sala iliyojibiwa.

Kisha wenye gemu wakatangaza kwamba wanaibadilisha yote. Kuanzia Jumamosi hii ile ya zamani ingefungwa. Tukajaribu hiyo mpya. Lori likawa linarukaruka kama kalenda inayopigwa na upepo, halafu skrini ikazimika. Mwanangu akaniandikia: "Mama, mashine imechoka. Msijisumbue. Mzee akipata nyingine siku moja, tutaendelea."

Siku moja. Naifahamu hiyo siku moja. Ndiyo siku wanayoagana nayo watu wasiotaka kuonana.

Nilimsubiri mwalimu wetu darasa lilipokwisha. Ni kijana aliye sawa na mwanangu kwa umri, lakini ananiita mama na hanifichi ukweli. Alinisikiliza, akachukua chaki.

"Prosesa bado ina nguvu," alisema. "Iliyochoka ni kadi ya picha. Badilisha hiyo. Lakini kadi kubwa inakula umeme, na ukialika mgeni mlaji, tazama kwanza chungu. Badilisha na pawasaplai, lile kopo la chuma linalogawa umeme humo ndani. Halafu, mama, pimeni kasha. Kadi za siku hizi ni ndefu."

Mimi nilikuwa zamu siku iliyofuata, kwa hiyo kupima nilimwachia mwenye futi. Nilimweleza mume wangu asubuhi nikivaa viatu: kutoka ukuta wa nyuma wa kasha hadi kwenye kizimba cha diski, kile kibati kinachoishika diski mahali pake. Mchana akanipigia kazini na kunipa kipimo. Nikakishika kichwani kama aya, nikapita nacho dukani kabla ya darasa.

Mwenye duka tunamwita Bwana Feni, kwa sababu dirishani kwake feni za kompyuta za kila rangi huzunguka mchana kutwa. Alitazama kipimo changu, akatoa kadi ndefu kuliko zote alizonazo.

"Hii ndiyo yako, mamaangu. Na nikupe feni hizi tatu. Zinawaka."

"Zinasaidia lori kwenda?"

"Zinasaidia moyo."

"Moyo una mwenyewe. Nipe pawasaplai."

Akacheka, akaitoa chini ya meza huku akiguna kwa uzito wake. "Wateja wangu wote wangekuwa kama wewe ningekuwa nimefunga duka. Kipimo mna hakika nacho?"

"Amepima fundi."

"Akishapima fundi, mimi ni nani?"

Basi Jumamosi hiyo tulitandika shuka mezani, nikagusa chuma cha kasha kwanza ili kutoa umeme wa mwilini, kama tulivyofundishwa. Pawasaplai iliingia bila ubishi. Kisha nikaichukua kadi kwa ncha za vidole, nikaitelezesha. Ikaenda, ikaenda, ikagonga kizimba cha diski. Ilizidi vidole viwili.

Mume wangu aliigeuza, akaiinamisha, akaitazama kwa juu ya miwani na kwa chini ya miwani.

"Nilipima," alisema.

"Ulipima vipi?"

Akashusha futi shingoni. Akaweka ncha ukutani, akaivuta hadi kizimbani, akabana kwa kidole gumba. Halafu kidole kikasogea mbele peke yake.

"Na hizi za kuachia," alisema.

"Za kuachia nini?"

"Mshono."

Tukatazamana. Maisha yake yote hajawahi kumpa mtu kipimo bila kuongeza. Mwili unapumua, huwaambia wanafunzi wake, na nguo isiyoachiwa ni jela.

"Chuma hakipumui, Fundi," nikasema.

"Sasa nimejua."

Siku nyingine ningecheka. Siku hiyo nilikaa tu, miguu ikinivuta chini kama ndoo mbili. Nikampigia Bwana Feni. Akasema kadi ikishafunguliwa hairudi, na fupi yenye nguvu hiyo hana.

"Lakini si ulisema amepima fundi?"

"Ni fundi."

"Fundi wa nini?"

"Wa nguo."

Kisha nikasikia anahema kwa kicheko mbali na simu. "Mamaangu, samahani. Hii nitaisimulia mpaka nizeeke." Alipotulia akaongeza, "Kile kizimba lakini ni bati tu. Mwenye roho ngumu hukiondoa."

Nilipogeuka, mume wangu alikuwa amekwishahamia kwenye kiti chake cha dirishani, amenipa mgongo.

"Mwandikie," alisema. "Mwambie siku moja."

Nilifumba macho. Huwa nina maneno mazuri ya kumwambia Mungu, nayapanga. Hayakuja. Nilisema moyoni, nimechoka, Bwana, unajua, na wala sikusema amina. Nilipofumbua nikaliona gauni la mteja limening'inia juu ya cherehani, ubavu wazi, nyuzi zinaning'inia.

"Hilo gauni lina nini?"

"Limembana mwenyewe."

"Kwa hiyo unampunguza mwenyewe?"

"Nafumua," alisema.

"Basi njoo ufumue na hili."

Kisha akainuka, akafungua dirisha, akamwita jirani yetu fundi bati, ambaye siku za manyunyu hana paa la kupanda. Alikuja na mkasi wa bati, tupa na mashine ya kutobolea.

"Shemeji, nimesikia kuna mgonjwa."

"Ngoja kwanza nimvue."

"Si tukate hivihivi?"

"Chenga moja ya chuma ikibaki kwenye madabodi, ule ubao unaobeba kila kitu, hatutatibu tena, tutazika."

"Haya, daktari," alisema, akaegemea mlango.

Nikatoa kila kitu, skrubu moja moja, nikavipanga kwenye shuka kwa mpangilio uleule wa kuvitoa. Kasha lilipobaki tupu wakalipeleka barazani. Fundi bati alitoboa vichwa vya vijisumari vilivyoshika kizimba, mume wangu akashika upande wa pili, na kizimba kikang'oka kwa mlio wa kukera meno. Fundi bati alitaka kuishia hapo. Mume wangu alikataa. Alipiga tupa kingo zote kwa utulivu, akipitisha kidole, kama anavyopindia upindo.

"Unalishonea harusi?" fundi bati akauliza.

"Kazi isiyo na upindo huchanika."

Nikalipangusa kasha kwa kitambaa kibichi, kisha kikavu, nikalirudisha mezani na kuvifunga tena vyote ndani. Kadi ikaingia, ikatoa ule mlio mdogo wa kukaa mahali pake. Lakini diski sasa haikuwa na pa kukaa. Mume wangu akafungua mtoto wa meza wa cherehani, akakata mpira wa kiuno cha sketi, akaitundika diski hewani kwa vitanzi viwili, ikabembea kidogo, ikatulia.

"Hapo," alisema, "niliachia makusudi."

Saa kumi ilikuwa imekwishapita. Niliweka kiganja juu ya kasha, nikainamisha kichwa.

"Mwanafunzi, unaliombea au unalipima homa?" mume wangu akauliza.

"Yote."

Nikabonyeza. Feni zikazunguka, skrini ikabaki nyeusi. Fundi bati akakohoa. Nilivuta pumzi, nikafuata nyaya moja moja kwa kidole, na nikaiona: kadi ilikuwa na mdomo wake wa umeme, nami nilikuwa sijaulisha. Nikazima, nikachomeka, nikabonyeza tena.

Barabara ikatokea. Ilikuwa imelowa, kama yetu nje, na taa za malori zinang'aa juu ya lami. Hakuna kilichorukaruka. Mume wangu alikaa kitini. Hedifoni yake ilikuwa imekufa sikio moja, kwa hiyo tulisikiliza kwa spika, sote watatu.

"Huyo Mzee Futi," sauti ya rafiki mmoja ikasema. "Jamani, amekuja."

Kisha sauti ya mwanangu, taratibu. "Mmepata mashine nyingine?"

"Ni ileile," mume wangu alisema.

"Haiwezekani. Kadi ya kuweza hii haiingii humo."

"Ilizidi vidole viwili. Tumefumua kasha."

"Nani alipima?"

"Mimi. Nilipima vibaya."

"Wewe, Baba? Kadi?"

"Kadi pia. Nilianza na wewe."

Malori yalikwenda. Nguo niliyokuwa nimeanza kuikunja niliiacha, na fundi bati, ambaye hanyamazi hata msibani, aliangalia miguu yake.

"Kuna kona mbele," mwanangu alisema.

"Nimeiona."

Lakini hakupinda. Aliwasha taa ya pembeni, akalitoa lori barabarani, akasimama. Mbele yake taa nyekundu za lori la mwanangu zikawaka, nalo likasimama, na mengine mawili nyuma yake. Mume wangu alishusha futi shingoni, akaiweka mezani kando ya kasha.

"Usiende kwanza," alisema. "Nasema mbele ya mama yako, mbele ya jirani huyu, na mbele ya hao madereva wenzako nisiowajua sura. Habari ya kiti cha dirishani sitakuambia tena, si kwa mdomo, si kwa kununa. Na kesho nitakupigia simu mimi. Nikikosa la kusema, nitakuuliza barabara."