Saa za Upepo na Saa za Naliaka

Kosa la Idarus, alilolikiri mwenyewe baadaye bila kuzunguka, lilikuwa hili: alizijua saa zote za upepo, lakini hakuwahi kuuliza saa za wanawake waliochoma majani.

Ilikuwa Februari ya mwaka 1974, na Riruta, pembeni mwa jiji, haikuwa imeonja mvua tangu Krismasi. Idarus alikuwa karani katika ofisi moja mjini, na kazi yake ilikuwa kuonya watu wa upande wa magharibi juu ya hatari ya moto. Kila jioni alipokea vipimo vya ukavu na upepo. Vilipozidi, asubuhi alitundika bendera nyekundu mbele ya duka la Amin, karibu na kwake, na chini yake tangazo lililokataza kuchoma majani kuanzia saa sita mchana. Kila jioni Amin alimpokea kwa habari ile ile: wamechoma tena.

"Bendera yako imeniletea wageni," Amin alimcheka. "Wakiona wekundu, wanadhani ni bucha; wanauliza kama nimeanza kuuza nyama."

"Usifanye mzaha, Amin. Banda la seremala Odero liko pale juu, limejaa mbao. Cheche moja tu inatosha."

"Waambie wao, ndugu yangu. Mimi sichomi kitu."

Alhamisi moja Idarus aliomba ruhusa kazini, akateremka bondeni kwenye mashamba saa nane akiwa amefura kwa hasira. Alimkuta Naliaka, mpangaji kutoka Kimilili, amesimama na wanawake wenzake kando ya rundo la majani makavu, kibiriti mkononi.

"Mama, hukuiona bendera?"

"Bendera gani?"

"Ya dukani kwa Amin!"

"Nitoke Kileleshwa kufua nguo za watu, nipite njia ya mtoni nije shambani, halafu nizunguke mpaka dukani kutazama kitambaa?"

"Mchana ni hatari. Choma asubuhi."

"Na asubuhi utanifulia wewe, bwana karani?" Wenzake wakaangua kicheko. "Mvua za Machi zikinikuta sijalima, watoto wangu watakula tangazo?"

Wakiwa wangali wanabishana, upepo ulilipiga rundo la jirani lililokwisha kuwashwa, na moto ukapanda mteremko mbio. Waliupiga kwa magunia yaliyoloweshwa mtoni mpaka mikono ikafa ganzi. Nyumba zilipona. Banda la Odero halikupona. Seremala huyo alisimama na msumeno mmoja aliouokoa, akiufuta majivu; Idarus alitamani angalau atukanwe.

Baadaye aliketi chini, karibu na Naliaka, suruali yake ya kazini imejaa masizi.

"Jumapili je, mama?"

"Kanisa. Saa nne."

"Kabla ya kanisa?"

"Umande. Majani hayashiki moto."

"Na mkiyafunika kwa magunia tangu Jumamosi?"

"Hayo ungeyauliza Januari."

Tangu Jumapili iliyofuata, wanawake wa bonde lile walichoma majani yao kwa pamoja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla upepo haujaamka, ndoo za maji zikiwa tayari, na Idarus alikuwa akifika kabla yao. Odero alihamia Waithaka, akaanza upya kwa mbao za mkopo.