Kikopo cha Baba Bridgit

Mume wangu Shiundu ni seremala asiyekubali kuonekana njiani mtaani kwetu Kianda amebeba mboga ya sukuma wiki. Eti hiyo ni kazi ya wanawake. Kwa hiyo asubuhi ile alipojitolea kupeleka kikopo cha choo changu cha kupimwa kliniki ya Kawangware, mtaa anakofanyia kazi, ningepaswa kushuku mara moja. Nilimshukuru tu, mjinga mimi.

Mwaka huo wa tisini na nane nilikuwa mpishi wa shule ya chekechea, na mpishi hapiki bila cheti cha afya. Kila nilipopimwa, hadubini ilionyesha ameba. Nilimeza vidonge mpaka uji ukawa na ladha ya misumari. Nikapimwa tena, ameba ile ile. Na tumbo halijawahi kuniuma! Mwalimu mkuu akasema ikionekana tena, nirudishe mwiko. Wale watoto waliniita Mama Uji, na niliwapenda kufa.

Adhis, mpimaji wa kliniki, ndiye aliyenipa moyo.

"Mama Bridgit, ameba ziko mbili. Kwa hadubini zinafanana kama mapacha. Moja inakula matumbo, ingine inakaa tu, haisumbui mtu. Kuna watafiti wanapima DNA yake, hapo ndiyo zinajulikana. Leta choo, nitawapelekea."

Hicho ndicho kikopo alichobeba Shiundu. Majibu yakaja: ni ile mbaya. Tena isipotibiwa, Adhis alisema, inaweza kufika kwenye ini. Nilirudi nyumbani, nikavua aproni, nikaikunja, nikalia. Shiundu alikuwa mlangoni akipiga msasa mguu wa stuli. Aliacha.

"Mama Bridgit, wacha kulia. Hiyo si yako."

"Si yangu aje?"

"Ni yangu. Nilibadilisha choo kabla nifike kliniki. Wewe wanakupata nayo kila saa, na mimi tumbo yangu ni chuma. Nilitaka tu upite."

Nilimrushia aproni usoni. Tumbo la chuma! Mwanamume anayekimbilia chooni kila wiki akilaumu maharagwe yangu! Nilimtukana kwa Kimaragoli, lugha ya kwetu, nikamalizia kwa Kiswahili, kisha nikakumbuka ini. Hasira yote ikaniisha. Nilimshika mkono, tukaenda kwa Adhis, na safari hii kikopo changu nilikibeba mwenyewe.

Watafiti walipopima, yangu ilikuwa ile ya amani, isiyosumbua mtu. Mwalimu mkuu aliyasoma majibu mara mbili, akaniachia mwiko wangu.

Shiundu alimeza vidonge akikunja uso kama mtoto, mimi nimemshikia maji. Daktari wa kliniki alisema tumeiwahi kabla haijafika kwenye ini. Asingedanganya kwa ajili yangu, nani angempima yule mkaidi?

Siku aliyomaliza dawa alirudi kutoka kazini mchana kweupe, akapita katikati ya Kianda, watu wakimtazama. Mkononi alikuwa na sukuma wiki, na hakuwa ameifunga hata kwa gazeti.