Mguu wa Lalam Kizingitini

Lalam alikuwa ameshapanda kitandani, ameshavuta gomesi, gauni lake refu, mpaka juu ya paja na kuuma ncha ya kitambaa chake cha kichwa, ndipo komeo likagota nyuma yake. Akashuka. Alishuka kama aliyekalia kaa la moto, usaha ukimtiririka mpaka kwenye kifundo cha mguu.

"Fungueni mlango."

"Mama, lala," akasema Daktari Obwona bila kugeuka. Alikuwa anavaa glavu. "Hatujaanza hata."

"Mlango, Daktari."

"Mlango unafungwa kwa ajili yako wewe. Hiyo ni faragha. Tumefundishwa."

Kweli walifundishwa. Walikaa juma zima katika hoteli moja mjini Gulu, wakala kuku, wakarudi na fulana za kijani zilizoandikwa kifuani TUNAJALI MAJERAHA YASIYOONEKANA. Chumba cha kusafishia vidonda kikapakwa rangi ya njano, kikatiwa mkeka, maua ya plastiki na mlango wa chuma wenye komeo nene, maana aliyeteswa, walisema, anahitaji mahali pasipo na mtu wa kumchungulia. Lalam angewaambia mengine, kama wangemuuliza.

Enzi za vita, watu walipokuwa wanaishi kambini, waliokuja kuichoma walianza kwa kufunga mlango wa kibanda chake kwa nje. Alitoka kwa kupasua ukuta wa udongo kwa kisigino. Risasi ikamkuta akikimbia, ikavunjikia pajani, na vipande vyake mpaka leo hujitafutia njia ya kutoka, kimoja kimoja, kila kimoja na homa yake. Watu bado wanamwita Min Ocan, mama yake Ocan, ingawa Ocan hakutoka kibandani.

"Daktari, tuuache wazi," akasema nesi Lakot. "Mimi nitashika shuka hapo mlangoni."

"Shuka! Kesho wageni wanakuja kuzindua chumba, wewe unaniletea shuka." Akamgeukia Lalam. "Mama, vita vimekwisha. Waliozaliwa baada yake sasa wana watoto wao."

"Kwangu havijapita kuniaga."

"Basi urudi ukiwa tayari kufuata utaratibu."

Lakot akamfuata hadi barazani na bandeji safi. Akamfunga huku akinong'ona, "Mama, kile kipande kinaoza ndani. Kikikaa juma hili, mguu unakatwa."

"Nimesikia, mwanangu."

Asubuhi Lalam alikula kipande cha ugali wa mtama uliolala, akakipaka siagi ya ufuta, akachukua fimbo yake akaja. Mlango wa chumba cha njano ulikuwa wazi. Abonga mfagiaji alikuwa ndani, anapiga deki. Lalam akaketi nje, mgongo kwenye mwimo, akaunyoosha ule mguu mbovu juu ya kizingiti mpaka kisigino kikalala ndani. Akafungua bandeji.

Mguu wa mtu hauvukwi. Wa mama mtu mzima ndiyo kabisa. Hata mtoto anayetambaa huvutwa nyuma kwa kofi. Anayetaka kupita huomba mguu ukunjwe, na mwenye mguu akikataa, basi, umesimama.

"Mama, kunja nipite," akasema Abonga na ndoo yake.

"Umenikosea nini wewe, Abonga? Kaa. Si kuna mkeka?"

Foleni ya wagonjwa ikaangua kicheko.

Daktari Obwona alipofika, fulana ya kijani imepigwa pasi, hakucheka. "Min Ocan, unataka nini?"

"Kibano chako. Paja liko wazi, mlango uko wazi. Fanya kazi."

"Kizingitini? Kama mbuzi?"

"Mbuzi huna haja ya kumfungia komeo."

"Mfanyie, Daktari!" akapaza mtu kwenye foleni.

Gari la wageni likaingia. Obwona akainama, sauti ikashuka. "Mama yangu, jioni nitakufanyia, mlango wazi, naapa."

"Sasa."

"Unaniaibisha."

"Mimi nimekaa tu."

Utepe ukafungwa mwimo kwa mwimo, juu ya kichwa chake. Mgeni mkuu, mwanamke mrefu wa miwani myeusi, akaangalia kidonda, akauliza kitu kwa lugha yake. Lalam akamjibu usoni: "Mwambie watoe komeo lao. Mwambie chuma kiko ndani ya nyama yangu."

Obwona akatabasamu, akatafsiri. Mgeni akaweka mkono kifuani, akamwinamia Lalam kwa shukrani.

"Amemwambia nini?" Lalam akauliza.

Lakot, aliyekuwa na beseni mkononi, akajibu polepole. "Amemwambia unawakaribisha. Kwamba umekuja mapema kwa hamu ya chumba."

Mkasi ukakata utepe. Kipande kimoja kikamwangukia Lalam begani. Mgeni akasita mbele ya mguu. Obwona akacheka kidogo, akashika suruali yake magotini, akavuka. Kisha akamnyooshea mgeni mkono.

Kwenye foleni mama mmoja akamfunika mtoto wake macho. Ndani, Abonga akageukia ukuta.

Wakavuka wote, kiatu kwa kiatu, wengine wakisema samahani kwa lugha yao. Hotuba ikaanza, na neno majeraha likapigiwa makofi.

"Nesi Lakot!" Obwona akaita. "Ingia, ufunge mlango. Jua linawapiga wageni."

Lakot akautazama ule mguu. Akavua viatu, akapiga magoti barazani, akaanza kunawa mikono ndani ya beseni.

"Kibano kiko wapi?" Lalam akauliza.

"Kabatini, mama. Ufunguo anao yeye mfukoni."

"Vidole unavyo?"

"Ninavyo."

Mlango wa chuma ukaanza kujongea kutoka ndani, ukagota kwenye mfupa wa mguu wake. Sauti tamu ya Obwona ikatoka nyuma ya mlango: "Kunja mguu, mama."

Lalam akashika mwimo kwa mikono miwili. Lakot alikuwa ameshaingiza vidole kidondani; damu ilikuwa imeanza kushuka juu ya kizingiti kipya.

"Sukuma," akaujibu mlango.